Isansa Kwanza

Kompyuta ninayoifanyia kazi nimeiona kwa macho mara moja tu. Iko Dar es Salaam, kwenye chumba kisicho na dirisha, na ukubwa wake ni wa makabati mawili ya nguo yaliyosimamishwa pamoja. Wenyewe wanaiita meinfremu. Siku niliyopelekwa kuiona, wenzangu wa Dar walivaa masweta na bado wakawa wanasugua viganja, maana chumba kile hupozwa kutwa kucha mashine isije ikachemka. Mimi nilisimama pale na blauzi yangu nyepesi nikajisikia niko nyumbani Isansa, mwezi wa sita, asubuhi, ukungu haujanyanyuka. Nikafumba macho. Mashine ilikuwa inavuma sauti moja ndefu isiyopanda wala kushuka, na usingizi ukanijia nikiwa nimesimama. Bosi wangu akanishika bega akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nasikia raha.

Tangu siku hiyo naongea nayo kutoka Tunduma. Kampuni yetu inauza mbegu na mbolea, na ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya ghala, dirisha lake linatazama foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Foleni ile haina mwisho. Ukiitazama sana kichwa kinaanza kuelea, unaona kama malori yametulia na wewe ndiye unayesogea, wewe na kiti chako na kikombe chako. Chai nyingi sana imepoa mkononi mwangu kwenye dirisha lile.

Kazi yangu ni kuipangia mashine nini kitangulie na nini kifuate. Kila asubuhi stoo zetu nane za mkoa zinatuma idadi ya mifuko iliyobaki. Mashine inasoma taarifa zile, inajumlisha, kisha inatoa vibali vya malori ya kupeleka mzigo. Vibali vikishatoka, ndipo wakulima wanatumiwa meseji: njoo kesho, mbolea yako ipo. Kila hatua ina sharti lake, na masharti hayo ndiyo ninayoyaandika. Hii isianze mpaka ile iishe salama. Hii ingoje zile mbili. Hii isiguswe kabla ya saa tatu. Naandika kwa herufi za kijani kwenye kioo cheusi, mstari kwa mstari, na kusema kweli naipenda kazi hii kuliko ninavyowaonyesha watu.

Sasa nitaje kosa langu mapema, nisije nikaonekana najificha.

Nilipokuwa naandika masharti yale, ilibidi nipange stoo ipi isomwe kwanza. Kwa upande wa mashine haikuwa na maana yoyote. Zingeweza kusomwa zote, kila moja kivyake, bila kungojana. Lakini mkono wangu ukaandika Isansa. Stoo ya Isansa ndiyo ya kwanza kufunguliwa huku kwetu, ndiyo mkubwa wao, na mimi nimekulia mahali ambapo mdogo hatangulii. Nikaiweka Isansa mbele, Hasamba nyuma yake, Mlowo nyuma ya Hasamba, hivyo hivyo hadi Tunduma, ambayo niliiweka mkiani kwa kuwa ni ofisi yangu mwenyewe na nisingeweza kujipakulia kabla ya wageni. Palikuwa na nafasi ya kujaza muda wa kungoja, yaani Isansa ikichelewa, wenzake wamngoje hadi saa ngapi ndipo waendelee bila yake. Nikaiacha wazi. Kwetu mkubwa hawekewi saa.

Hakuna aliyeniuliza. Misimu mitatu ilipita salama, Isansa anatangulia, wenzake wanafuata, na mimi nakunywa chai yangu.

Hayo mambo ya mkubwa sikuyatoa hewani. Kitongojini kwetu Isansa hakuna anayepanda mahindi kabla ya nyumba yetu. Babu yake baba ndiye aliyefyeka pori lile kwanza, basi mvua ikinyesha mara ya tatu, nyumba yetu inapanda mstari mmoja asubuhi, majirani wamesimama mpakani mwa shamba na majembe yao. Mstari ukiisha, kila mtu anakwenda kwake na kuanza. Baba alipofariki, jembe likashikwa na mama. Mama anachimba, na mtoto wake wa kumzaa anamfuata nyuma na kikapu, anadondosha punje mbili kila shimo, anafukia kwa mguu. Mtoto huyo ni mimi. Mama hana mwingine.

Utotoni nilikuwa naona mstari ule mrefu kweli, kama unafika Mlowo. Ukungu unafunika mwisho wa shamba, mgongo wa mama unaingia kwenye ukungu, unatoka, unaingia tena, na mimi nahesabu mashimo kwa Kinyiha mpaka namba zinaniishia naanza upya. Sijawahi kupata utulivu mwingine wa namna ile. Labda kwenye chumba cha Dar, siku ile moja.

Na pamoja na utulivu wote huo, misimu mitatu sikwenda. Sina cha kujitetea. Ratiba ilikuwa yangu, mashine ilikuwa mpya kwangu, na msimu wa mbolea ndio msimu wenyewe wa kazi. Jirani mmoja akawa anashika kikapu badala yangu. Mama hakulalamika, ila kila nikipiga simu alikuwa ananipa habari za shamba kwa sauti ile ya kumpa mgeni maji.

Mwaka ninaousimulia, miguu yake ilikuwa imevimba tangu Agosti. Daktari alishamwambia moyo umechoka, jembe aliweke chini. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, na jioni ya ile ya tatu akapiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwaka huu sipandi na mtu wa kuazima," akasema. "Nakungoja."

"Mama, na miguu hiyo?"

"Miguu ni ya kwangu. Unakuja, huji?"

Nikamwambia nakuja kesho, nikishamaliza kazi ya asubuhi. Sheria ya ofisi ni kwamba anayeiangalia mashine haondoki mpaka kazi ya mwisho iishe, meseji zikiwa zimetoka. Siku njema inaisha saa nne. Nilipiga hesabu, saa nne natoka, gari mpaka Mlowo, bodaboda mpaka nyumbani, saa saba nipo shambani. Kupanda tungepanda kesho yake alfajiri. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Mama alielewa kesho ni kesho, alfajiri hiyo hiyo.

Asubuhi ile nilifika ofisini na begi langu na gumboots kwenye mfuko wa plastiki. Saa tatu ikafika. Kwenye kioo, mbele ya jina la Isansa, likatokea neno la kungoja. Nikaona sawa, karani wa kule atakuwa anafagia. Saa tatu na nusu, bado anangojwa. Hasamba anamngoja Isansa, Mlowo anamngoja Hasamba, na wengine wote chini yao, majina manane ya kijani yamejipanga kwa adabu, hakuna anayemsukuma mwenzake. Nje, malori nayo yamejipanga. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha upande wa Zambia na kwetu jua, na mwanga ukaingia dirishani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikapiga simu ya karani wa Isansa. Inaita, haipokelewi.

Karani yule tumesoma darasa moja, ni mtu makini, anatuma taarifa zake kabla hata ya saa. Nikapiga tena. Nikapiga mara saba. Katikati ya simu hizo nadhani nilisinzia macho wazi, kwa maana nilimwona mama ndani ya kile kioo, amekaa chini ya orodha ya majina, amenyoosha miguu yake, hasemi kitu. Nikashtuka. Simu ilikuwa inaita, na aliyepiga ni bosi.

"Dada, mbona kumekwama?"

"Isansa hajatuma."

"Hao wengine je?"

"Wanamngoja Isansa."

Akasema ana malori kumi na moja yamepakia, madereva wanamtukana, nimtafute huyo karani hata kama amepanda juu ya mti. Halafu wakala wa Hasamba akapiga, wakulima wamejaa barazani wanaulizia meseji zao. Kisha Mlowo. Nilianza kuona hasira, hasira ya kweli, ya kutaka kurusha kikombe. Saa tano ilikuwa imepita, begi langu liko mlangoni, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ananizuia kwenda kwa mama yangu.

Nikampigia karani tena, na safari hii simu ikapokelewa. Nikasikia upepo, na watu wengi wanaongea chinichini.

"We mwanamke uko wapi?" Sikumsalimia hata.

"Niko shambani kwenu," karani akasema. "Tuko wote hapa tangu alfajiri. Simu ilikuwa kwenye kapu, nisamehe mwenzangu. Nilijua mama yako atapanda mapema kama siku zote, na mimi nipande kidogo, kisha nikafungue stoo. Sasa hapandi."

"Kwa nini hapandi?"

"Amekaa tu. Tunamngoja yeye."

"Na yeye anangoja nini?"

"Si anakungoja wewe," akasema.

"Mimi nangoja stoo yako!"

Jamani. Mama ananingoja mimi. Mimi naingoja mashine. Mashine inaingoja stoo ya Isansa. Mwenye ufunguo wa stoo amesimama mpakani mwa shamba letu na jembe mkononi, anamngoja mama. Katika kazi yetu hili ndilo kosa la kwanza unalofundishwa kulikwepa, kazi zinazongojana kwa duara, kila moja ina sababu nzuri kabisa ya kutosogea. Na mtaalamu mwenyewe aliyelipanga duara hilo ndiye mimi. Karani akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha nikajikuta nalia, na yeye akasikia akaacha kucheka.

"Njoo," akaniambia. "Mama yako hayuko vizuri leo."

Nikampigia bosi. Kubadilisha sharti kwa mkono, mchana, kazi ikiwa inaendelea, ni lazima yeye aruhusu. Nikamwomba nimtoe Isansa mbele, wengine wasomwe bila yeye.

"Kwanza niambie," akasema, "Isansa yuko mbele kwa nini? Ana kitu gani ambacho wengine wanakihitaji?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. Nilitafuta kwa dhati kabisa, nikitazama malori.

"Hana," nikasema. "Ni mkubwa wao."

"Mkubwa wao?"

"Ndiyo. Kwetu mkubwa anatangulia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitegemea anifokee, na angekuwa na haki. Akavuta pumzi, akasema yeye kwao Lindi, na mama yake mpaka leo haruhusu mtu kuonja chungu kabla ya shangazi mmoja ambaye hata hasikii vizuri tena. Kisha akasema, "Ondoa, dada. Ondoa tuendelee."

Nikaondoa. Mstari mmoja tu, maneno machache ya kijani. Stoo saba zikasomwa kwa pamoja kabla sijatoa kidole, jumla ikatoka, vibali vikatoka, na baada ya dakika chache nikasikia lori la kwanza likiwashwa chini ya sakafu yangu. Misimu mitatu walikuwa wanangojana bure. Iliniuma kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nikampigia mama kwa simu ya karani. "Mama, panda. Mshike huyo jirani, mpande, watu wanachelewa kwa ajili yangu."

"Nani kasema nakungoja?" mama akasema. "Nimekaa."

"Mama."

"Nimekaa, nasema. Kukaa nako mpaka ruhusa?"

Akamrudishia karani simu yake.

Zile kazi za mwisho bosi alisema ataziangalia yeye mwenyewe, niende. Njiani sikumbuki mengi. Nakumbuka kahawa zilikuwa zimechanua pembeni mwa barabara ya vumbi baada ya Mlowo, na harufu yake ilikuwa nzito na tamu, nikawa naisikia hata bodaboda ilipopita mbali nayo. Nakumbuka nilikuwa namwambia dereva twende, twende, na huku ndani yangu kuna mtu mwingine aliyetulia kabisa, anahesabu mashimo kwa Kinyiha.

Saa tisa alasiri nikafika. Hakuna mtu kitongojini kwetu aliyewahi kuona nyumba yetu inapanda alasiri. Walikuwa wote bado wapo. Wengine walikwenda kula wakarudi, wengine walikaa juu ya mipini ya majembe yao, na wawili walikuwa wamelala usingizi kwenye nyasi. Mama alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, kitenge mabegani, miguu yake iko nje ya viatu kwa sababu viatu havikuingia. Alikuwa amepungua usoni. Kwenye simu sauti haikusema hivyo. Nikapiga magoti kumsalimu, akanishika kichwa akauacha mkono wake hapo muda mrefu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mama."

"Muongo. Haya, simama."

Nikasimama, nikanyoosha mkono kuchukua kikapu cha mbegu, kama ninavyofanya tangu najua kutembea. Mama akakivuta upande wake. Akachukua jembe lililokuwa limelala karibu na debe, jembe la baba, mpini umeng'aa kwa mikono, akanipa hilo.

"Leo chimba wewe," akasema. "Mimi nitadondosha."

Hapo ndipo akili yangu ikafunguka, mjinga mimi. Mtu wa kushika kikapu angempata mahali popote. Asubuhi nzima alikuwa amekaa juu ya debe akimngoja mtu wa kumwachia jembe, na jembe lile haliachiwi jirani. Nilitaka kukataa. Nikapiga jembe chini ili nisiseme kitu.

Nilichimba vibaya. Mashimo yangu mengine yalikuwa na kina cha kuzika sufuria. Mama alikuwa nyuma yangu, na nilisikia kila kitu anachofanya: punje mbili, mguu unaburuza udongo, pumzi, kimya, hatua. Kila shimo nilisimama kumngoja, nikitazama mbele, wingu likiwa limeshuka mwisho wa shamba na mstari unaingia ndani yake. Kwenye shimo la sita au la saba akasema, "Usinigeukie. Endelea. Nakuja nyuma yako." Basi nikawa nasimama kidogo, nasikia mguu wake unafukia, ndipo nachimba lingine. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, taratibu sana, na nilifurahi. Naomba nieleweke, nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Tulipogeuka watu walikuwa wanakimbilia mashamba yao kabla giza halijaingia, karani wetu akiwa mbele yao wote na ufunguo wa stoo unalia kiunoni.

Mama aliyaona mahindi yale mpaka yalipofika kiunoni. Alifariki Februari, kabla hayajatoa mbelewele.

Mwaka uliofuata nilijaza fomu ya likizo mapema. Bosi akauliza tarehe. Nikamwambia tarehe haijulikani, andika mvua ya tatu. Alicheka, lakini aliandika, na amekuwa anaandika hivyo tangu hapo. Kwenye mashine stoo zote sasa zinasomwa kwa pamoja, na yeyote anayechelewa anangojwa nusu saa, basi. Nimejaza nafasi zote. Sijaacha hata moja wazi.

Mvua ilipofika ya tatu nikaenda. Asubuhi kulikuwa na ukungu, watu wamesimama mpakani, nasikia wanakohoa lakini siwaoni sura. Karani akaja na kikapu, akaniuliza kwa upole kama anishikie. Nikamwambia acha, niko sawa. Nikakifunga kikapu kiunoni kwa kitenge cha mama, nikashika jembe la baba, nikachimba shimo la kwanza, la kina kinachofaa safari hii.

Kisha nikasimama. Nilisimama kama nilivyozoea, natazama mbele, nasikiliza nyuma. Sijui nilisimama muda gani. Watu hawakusema kitu, hakuna aliyenisogelea, na najua wangesimama pale mpaka jioni. Mguu wangu ulikuwa umeanza kupata baridi ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayekuja.

Nikadondosha punje mbili, nikazifukia mwenyewe. Nikasogea hatua moja.